Barafu ya Bariadi

Bariadi, 14 Septemba 1997

Mdogo wangu Specioza,

Mwangaluka mayu. Najua huko Mtwara hakuna wa kukusalimu hivyo, kwa hiyo nakuandikia mara mbili: mwangaluka. Sisi tupo, tunasogeza siku. Shangazi Milembe wa Mwandoya mguu wake umepona, na sasa anatembea kuliko sisi tusioumwa. Pamba imetoka nzuri. Wanunuzi binafsi wamejaa kila njia panda na mizani zao, kila mmoja anasema ya mwenzake ni ya wizi. Benedikta anaendelea.

Jineri yetu ya kuchambulia pamba ndiyo imekufa kabisa. Mwezi wa sita walikuja kuchukua mikanda na mota, wakaacha ghala na popo. Nilikaa miaka ishirini na mbili ndani ya ule mngurumo, nikajifunza kuongea kwa mikono. Sasa kumekuwa kimya mpaka nasikia mchwa wakila nguzo. Usicheke, nasema kweli.

Sasa jambo lenyewe. Unamkumbuka yule mhandisi Mdachi aliyetufungia mashine? Alipoondoka aliniachia ramani za ndege ndogo ya mtu mmoja, ya kujitengenezea. Nimeitengeneza ndani ya lile ghala. Mbao nimeranda mwenyewe, mabawa nimeyavika kitambaa cha marekani na kukipaka dawa hadi kikakaza. Injini ni ya Volkswagen kobe, ile ya mapadre iliyokaa chini ya mti wa misheni tangu unasoma darasa la saba. Nimeiwasha kila siku tangu Julai na haijawahi kukohoa.

Nitaruka Desemba, kwenye kile kiwanja zilikotua ndege za kunyunyizia dawa ya pamba. Usiniulize nani alinifundisha. Marubani wale walinipandisha mara sita, na mmoja aliniachia usukani.

Kaka yako,
Joakim Masunga


Mtwara, 12 Oktoba 1997

Kaka Joakim,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mimi mzima, nguo tu ndizo hazikauki. Ofisi ya hali ya hewa hapa uwanja wa ndege tulikuwa watano, tumebaki wawili, na huyo mwenzangu yuko likizo isiyoisha. Kwa hiyo naenda peke yangu bustanini kwa vipimajoto, naandika, narudi mezani, nakunywa chai. Kuna siku simu isipolia nazungumza na mnyororo wa baiskeli.

Sasa wewe. Watu wa rika lako wananunua ng'ombe, kaka. Wengine wanagombea udiwani. Wewe umepandishwa mara sita, tayari rubani! Na ruhusa ya mamlaka ya anga umeiomba, au utaiomba ukiwa huko juu?

Nakutania kwa sababu naogopa. Baba alituacha wawili, na siwezi kubaki mimi peke yangu. Niambie basi kila kitu cha hiyo injini, ulichoongeza na ulichopunguza. Ndege nimezipokea na kuziaga miaka kumi na minne, na huwa naongea na mafundi wake. Huenda nikakusaidia.

Na wifi Benedikta mbona haongezi neno chini ya barua kama zamani? Alikuwa hakosi mistari miwili ya kuniuliza nitaolewa lini. Mwambie nimeikosa hata hiyo.

Mdogo wako,
Specioza


Bariadi, 23 Novemba 1997

Specioza,

Mwadila mayu. Mvua zimeanza, na si mvua za kawaida. Mto Simiyu umevuka daraja mara mbili. Majaruba ya mpunga yamejaa, watu wanafurahi na kulalamika kwa pumzi moja. Shangazi Milembe ametuma kuku. Benedikta anaendelea.

Uliuliza nilichopunguza. Kidogo sana. Nimetoa feni na mabati yake kwa ajili ya uzito, na yale mabomba mawili ya kupeleka joto kwenye kabureta nimeyatupa, kama kila fundi wa huku anavyofanya. Hayo ni mambo ya Ulaya, ya watu wanaofyeka theluji mlangoni. Hata themostati tunatoa. Bariadi hapa joto tunalo la kuwagawia.

Lakini nina tatizo, na limenikosesha raha. Tangu mvua zianze injini inazimika. Naiwasha asubuhi, inapiga vizuri, naiacha silensa, ingurume polepole bila kuongezewa mafuta, ipate moto. Baada ya dakika kumi mzunguko unashuka polepole kama mzee anayesinzia, inatetemeka, inazima. Nafungua kila kitu: plagi safi, pampu safi, kabureta safi. Nawasha tena baada ya kunywa uji, inawaka kana kwamba haijawahi kuugua. Siku kumi na moja mfululizo!

Nimekwishamjua mwizi wangu. Ni Bundala, anayeuza petroli kwa madumu pale njia panda. Tulibatizwa siku moja mimi naye, ndiyo maana imeniuma zaidi. Ameanza kutia maji. Siku ya mnada nilichukua dumu lake, nikalimwaga mbele ya watu wote, nikasema, "Hii si petroli, haya ni maji ya mto Simiyu, tofauti ni harufu!" Watu walicheka. Tangu siku hiyo hakuna anayenunua kwake.

Nimeagiza petroli ya Mwanza. Ikifika naruka tarehe 27 Desemba.

Joakim


Simu ya maandishi, Mtwara, 9 Desemba 1997

USIRUKE. BUNDALA HANA KOSA. NI BARAFU NDANI YA KABURETA. BARUA INAKUJA. SPECIOZA


Mtwara, 9 Desemba 1997

Kaka Joakim,

Shikamoo, na salamu zote uzichukue kwa mkupuo mmoja, nina haraka. Barua yako imewahi lori la mwisho. Wanasema barabara ya Rufiji inakatika muda wowote. Simu nimekutumia, lakini simu haina nafasi ya kufafanua, nami najua utacheka. Cheka, halafu soma.

Kazi yangu ni vipimajoto viwili vinavyokaa bega kwa bega katika sanduku jeupe. Kimoja ni kikavu. Kingine kimevikwa kitambaa kilicholowa maji. Upepo ni ule ule na kivuli ni kile kile, lakini hiki kibichi daima kinasoma chini, kwa sababu maji yanapokauka yanaondoka na joto. Ndivyo mtungi wa mama ulivyokuwa ukipooza maji. Ndivyo spiriti ya nesi inavyokuwa baridi mkononi kabla ya sindano. Petroli inakauka upesi kuliko maji, mwagia kiganja ujionee. Ndani ya kabureta inakauka mfululizo, na hewa nayo inapita kwenye koo jembamba kwa kasi na kupoa zaidi. Hewa ya nyuzi ishirini na mbili inaweza kushuka ikavuka pale maji yanapoganda. Kama hewa hiyo imebeba maji, kama yenu ya wakati huu, yale maji yanaganda kwenye kile kipepeo kinachofungua na kufunga njia ya hewa. Barafu inajijenga pale hadi injini inakabwa.

Kiangazi hukuliona hilo kwa sababu hewa ilikuwa kavu. Na ukifungua kabureta hulioni kwa sababu injini ikishazima, joto lake linapanda na kuyeyusha ushahidi wote ukiwa bado unatafuta spana. Umekunywa uji, barafu imekwenda zake. Baridi ya Ulaya haihitajiki, kaka. Inahitajika mvua tu.

Yale mabomba uliyoyatupa ndiyo dawa. Wazungu walikuwa wanajua walichokuwa wanafanya, ingawa si mara zote.

Nakuomba kwa jina la mama, usiruke. Na umwombe radhi Bundala kabla maneno hayajaota mizizi.

Specioza


Bariadi, 20 Desemba 1997

Specioza,

Salamu. Shangazi Milembe hajambo.

Barua yako haijafika. Simu yako ndiyo imefika, na imefika kwa kila mtu kabla yangu. Salu wa posta aliisoma kwa sauti kaunta nzima ikisikia. Nilipoingia sokoni mtu mmoja akauliza kama ninauza koni. Barafu, Specioza? Bariadi? Mtu ana diploma ya mvua anamwandikia fundi aliyeshika spana miaka ishirini na mbili kwamba injini inayochoma mkono ina barafu tumboni?

Tena hukuniuliza kwanza. Umemtetea Bundala mbele ya posta nzima, mimi ndugu yako umenivua nguo. Kuhusu Bundala, wazee wameshakaa na wamesema waliyosema, na mimi nimesema yangu. Hayo tuyaache. Siku hizi kumetulia hapa nyumbani, hakuna wageni, napata nafasi ya kufanya kazi.

Petroli ya Mwanza imefika. Tarehe ni ile ile.

Heri ya Noeli.
Joakim


Mtwara, 15 Januari 1998

Kaka,

Shikamoo. Sijapata kitu kutoka kwako tangu barua yako ya Novemba. Barabara imekatika, posta wanasema magunia ya barua yako Kibiti, wengine wanasema Lindi. Nimepiga simu posta ya Bariadi mara tatu, haipatikani.

Tarehe 27 nilikaa bustanini kuanzia saa moja asubuhi hadi saa sita. Sijui nilikuwa nangoja nini. Ningesikia nini kutoka Mtwara?

Kazini kimya. Andika hata neno moja. Mwambie wifi aandike. Mtu yeyote aandike.

Specioza


Bariadi, 8 Februari 1998

Mdogo wangu Specioza,

Mwangaluka mayu. Niko hai. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zinaonekana kama za mtoto wa chekechea.

Barua yako ya Desemba ilifika tarehe 2 mwezi huu, imelowa ikakauka ikalowa tena. Nimeisoma mara nyingi. Ningeipata kabla ya tarehe 27, sijui kama ningeitii. Nakuambia ukweli ili usimlaumu dereva wa lori.

Niliruka. Asubuhi ilikuwa na ukungu mzito na mvua ilikuwa imekatika muda huo huo. Niliiacha silensa muda mrefu ipate moto vizuri, nikidhani naitendea wema, kumbe naijaza barafu. Iliondoka chini! Nilipita juu ya ghala, nikaona bati zake zote na kutu yake, nikapiga kelele peke yangu kama mwendawazimu. Halafu mzunguko ukaanza kushuka, ule ule wa mzee anayesinzia. Nilisukuma mafuta mpaka mwisho, haikusaidia. Nilianguka ndani ya majaruba ya mpunga. Matope yaliniokoa. Gurudumu moja lilivunjika, ncha ya bawa, na mfupa wangu wa bega.

Nikiwa nimebanwa pale mkono wangu uligusa kabureta. Ilikuwa baridi kama soda, imetoka jasho. Nikadhani ni mvua tu. Ndiyo akili niliyokuwa nayo siku hiyo.

Sasa kuna mambo sikukuandikia.

Niliposema wazee wamekaa, maana yake ni kwamba nzengo nzima ilikaa, majirani wote wa kitongoji. Walisema nithibitishe maji kwenye petroli ya Bundala, au nimwombe radhi na kutoa mbuzi wa watu kula. Sikuweza la kwanza, nikakataa la pili. Wakanitenga. Unajua nzengo wakishakutenga: hakuna anayekusalimu, hakuna anayekuja kuomba moto jikoni kwako, hakuna anayekusaidia ukipatwa na jambo, na atakayevunja naye anatozwa. Nimetoka kwenye ukimya wa jineri nikaingia kwenye ukimya wa watu, na huu wa watu ni mbaya zaidi kwa sababu unawaona wanapita.

Kwa hiyo siku ile watu walikuja wengi. Walisimama juu ya matuta ya majaruba, na hakuna aliyeshuka. Wengine walikuwa wanalia, Specioza, niliwaona. Lakini nzengo ni nzengo. Nilikaa mle matopeni, petroli ikinidondokea mgongoni, nikafikiri hivi ndivyo mtu anavyokufa mbele za watu.

Aliyeshuka ni Bundala. Alikuwa na haki ya kuwa wa mwisho. Alivua viatu, akaviweka vizuri juu ya tuta, akaja. Aliwaambia, "Kosa alinikosea mimi. Nikishuka mimi nani atanitoza?" Akanitoa, akanilaza kwenye mkokoteni wake wa ng'ombe hadi hospitali. Njia nzima hakunisemesha. Aliponifikisha akageuza ng'ombe akaenda.

Hospitali waliniuliza nani atanipikia. Benedikta aliondoka mwezi wa sita mwaka jana kwenda Mwanza kwa binti yetu Generoza. Alisema hajaolewa na injini. Nilikuwa nakuandikia kwamba anaendelea. Kuendelea anaendelea, ila huko.

Niambie namna ya kutengeneza hilo joto. Na niambie namna ya kuwaonyesha watu kitu kinachoyeyuka.

Kaka yako,
Joakim


Mtwara, 1 Machi 1998

Kaka yangu,

Shikamoo. Pole. Pole ya bega, pole ya wifi, pole ya yote uliyoyabeba peke yako. Barua yako ya Desemba na hii ya Februari zimefika siku moja katika gunia moja. Niliifungua ile ya hasira kwanza, nikakasirika, nikafungua ya pili nikalia, basi siku ikaisha.

Nilikutumia ile simu bila kufikiri Salu angeisoma kwa sauti. Nisamehe. Nilikuwa nataka uishi, sikukumbuka kwamba unaishi na watu.

Sasa fanya hivi. Chukua debe la mafuta ya kula, likate, lizungushie bomba la ekzosi kama koti, uache nafasi ya vidole viwili hewa ipite. Hewa inayopita mle inapata moto. Itoe kwa bomba hadi mdomoni mwa kabureta. Pale weka mlango mmoja wenye waya unaofika mkononi mwako: ukiuvuta, injini inakunywa hewa ya moto, ukiusukuma, inakunywa ya kawaida. Fundi mmoja wa ndege aliyekuwa akipita hapa aliniambia haitoshi joto kidogo. Joto kidogo linaweza kuyeyusha barafu ikawa maji na yakaganda upya ndani zaidi. Ukivuta, vuta wote. Na uvute kabla ya kuruka, na kila unapopunguza mafuta kushuka, usingoje ugonjwa.

Jambo kubwa ni hili, ulishike. Kama barafu imeshakuwepo, ukivuta waya injini itakuwa mbaya zaidi kwanza. Itakohoa, itatetemeka, utadhani umeiua, kwa sababu inameza maji ya ile barafu. Mkono wako utataka kurudisha waya. Wengi wamekufa kwa kurudisha. Shikilia. Baada ya muda mfupi itasafisha koo na kurudi.

Kuhusu kuwaonyesha watu, chagua asubuhi ya mvua. Iwashe silensa, usivute joto. Ikianza kushuka, usingoje izime yenyewe. Zima mwenyewe, na kifuniko cha hewa kiwe kimeshatolewa tangu mwanzo. Utakuwa na dakika moja, labda mbili. Usitafute spana.

Leo asubuhi hapa kikavu ishirini na sita, kibichi ishirini na tano. Injini yako isingemaliza dakika kumi.

Uliniuliza mambo mengi na mimi nimeyajibu yote. Mimi mwenyewe niko salama, usijali.

Specioza


Bariadi, 26 Aprili 1998

Mdogo wangu,

Mwangaluka mayu, mwangaluka tena. Bega limeunga, limepinda kidogo. Shangazi Milembe amekuja mwenyewe kutoka Mwandoya, akaniangalia, akasema baba yetu alikuwa mkaidi hivi hivi lakini angalau alibaki ardhini. Ameondoka jana.

Ndege vijana wa Mwandoya waliivuta kwa ng'ombe kutoka majarubani hadi ghala la jineri, nami nimeiunga. Debe nimelipata, koti la ekzosi nimelitengeneza, waya nimeuweka. Kisha nilimtuma Salu kwa wazee, maana kaunta ya posta nzengo haiwezi kuitoza. Mwenyewe nisingejibiwa salamu. Kumbe naye alikuwa anatafuta namna ya kutubia ule mdomo wake. Wazee wakakubali nzengo ikutane kwenye lile ghala Jumamosi asubuhi, mvua ikiwa inanyesha. Walikuja wote. Walisimama upande mmoja, mimi upande wangu, na ndege katikati. Bundala alikaa nyuma kabisa, na nilijua angeweza kuondoka wakati wowote.

Nikanunua petroli kwake mbele yao, dumu lenye lakiri yake, nikamimina. Nikawasha. Kwa muda mrefu ilinguruma vizuri, watu wakaanza kunong'ona. Nilikuwa naomba injini iharibike, Specioza. Maisha yangu yote sijawahi kuomba hivyo. Dakika ya tisa ikaanza kushuka. Bomba la chini ya kabureta likatoka jasho, halafu lile jasho likawa jeupe. Wanawake wa mbele wakalinyooshea kidole. Nikazima.

Sikutafuta spana. Nilitia kidole kooni mwa kabureta, nikakwangua, ikatoka. Nyeupe, kiasi cha punje chache za mahindi. Nilikimbia nayo katikati ya watu, bega likiuma, nikipiga kelele "Nipisheni!" kama mtu aliyebeba mtoto anayezimia. Nilimfikia Bundala, nikamfungua kiganja, nikaiweka.

Akaiangalia. Ilikuwa inaisha. Nikamwambia, "Hii ndiyo niliyoiita wizi wako. Nimekukosea mbele ya mnada, nakuomba radhi mbele ya nzengo." Alifunga ngumi, akafungua, yakabaki maji. Akasema, "Baridi yake inauma." Ndilo neno la kwanza kuniambia tangu Novemba. Halafu akaongeza, "Ningekuwa natia maji, Joakim, ningekuwa nimeshajenga." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na nilipotaka kunyamaza sikuweza, nikawa nalia.

Mkubwa wa nzengo akataka kuona na dawa. Nikawasha tena, nikangoja ianze kusinzia, nikavuta waya wote. Ikafanya kama ulivyosema. Ilikohoa, ikapiga mtikisiko, watu wakarudi nyuma, wawili wakatoka nje. Mkono wangu ukataka kurudisha waya. Ni jambo la ajabu, unajua kabisa na bado mkono unataka. Nikashikilia. Ikameza, ikatulia, ikanguruma ghala likajaa.

Mbuzi nimetoa, tumekula, mkubwa wa nzengo amesema mambo yameisha. Leo asubuhi watu wanne wamenisalimu kabla sijafika kisimani. Benedikta nimemwandikia yote haya, hajajibu.

Jioni nilipika ugali, nikakaa, nikaona umebaki mwingi. Nimechoka kula peke yangu, Specioza. Nilipaswa kusema hivi mwaka jana badala ya kukuandikia habari za injini. Sitaruka mpaka uwe umesimama pale kiwanjani na vipimajoto vyako na uniambie hewa ya leo ni nzuri. Omba likizo. Njoo.

Joakim


Mtwara, 17 Mei 1998

Kaka Joakim,

Shikamoo. Nimefurahi mpaka nimekosa wa kumwambia.

Likizo siwezi kuomba. Kazi yangu ilikwisha tarehe 31 Desemba. Walitupunguza, bustani wamefunga kufuli, sanduku jeupe limebaki ndani. Sikukuandikia kwa sababu wewe ulikuwa na yako, na kwa sababu nikishaiandika ingekuwa kweli. Nilikuwa na vipimajoto viwili vikuukuu walivyovitupa, nikavitundika ukutani nyuma ya jiko. Kila siku saa tatu asubuhi navisoma, naandika kwenye daftari. Miezi mitano sasa. Hakuna anayeliuliza hilo daftari. Nilikuwa nakutumia wewe tu, unakumbuka? Kikavu ishirini na sita, kibichi ishirini na tano.

Mama mwenye nyumba amehamia Masasi. Siku hizi sauti yangu naisikia ninaposema dukani "sukari robo."

Wewe umeshikilia waya. Nami wiki nzima mkono wangu umetaka kurudisha hii barua, niandike tu kwamba ni mzima na nguo hazikauki.

Naja. Meli ya Dar inaondoka Alhamisi, na kutoka Dar nitapanda treni hadi Shinyanga, halafu nitauliza. Sina mzigo mkubwa. Uwaambie majirani nikifika nikawa siitikii upesi, wasidhani nina maringo. Wanivumilie siku chache. Nimesahau namna ya kusalimiwa asubuhi.

Specioza